Mafuta ya breki yanazeeka hata piki ikiwa imelala

Nianze na ile siku leva ya breki ya mbele ilipokuja kunigonga vidole. Nilikuwa nashuka mteremko mrefu, ule wa kona juu ya kona, nyuma nimempakia mpwa wangu na begi lake, na mimi nina tabia mbaya ya kushuka nimeegemea breki muda wote badala ya kurudisha gia nikaiacha injini ishike. Mwanzo leva ilikuwa ngumu kama siku zote. Baada ya muda ikaanza kulainika, yani unaikamata inakuja tu kama unaminya sponji, kona iliyofuata ikafika mpaka kwenye gripu na piki inaenda zake haina habari na mimi. Nikapampu haraka haraka mara tatu nne, ikashika kidogo, nikakanyaga ya nyuma, nikashusha gia mbili kwa mpigo injini ikalia kama inakata roho, tukaishia kwenye majani pembeni ya barabara. Mpwa wangu akaniuliza, "Anko, tunapumzika?" Nikamwambia ndio, tunapumzika.

Sasa kilichonichanganya ni hiki, tulikaa pale kama nusu saa, nikarudi kukamata leva nikakuta ngumu kabisa kama hakuna kilichotokea. Hakuna tone chini, kikopo cha mafuta ya breki pale kwenye usukani kiko juu ya mstari, pedi nilikuwa nimeweka mpya siku chache nyuma. Ingekuwa inavuja isingerudi yenyewe. Ingekuwa pedi zimechoka kwa joto leva ingebaki ngumu ila piki haisimami, maana pedi zikizidiwa na moto zinateleza tu kwenye disiki, mkono wako hauoni tofauti. Hizi ni dalili mbili tofauti na watu wengi wanazichanganya. Leva ngumu na piki haisimami, angalia pedi na disiki. Leva laini inayozama, angalia mafuta, hewa, au raba za masta silinda.

Kwangu ilikuwa mafuta. Yalichemka.

Kinachotokea ni kwamba breki ya mafuta inafanya kazi kwa sababu kimiminika hakiminyiki. Unasukuma pistoni ndogo ya masta silinda huku juu, msukumo unapita kwenye ule mpira mrefu wa breki, unafika kwenye pistoni kubwa za kalipa, kile kifaa cha pale kwenye tairi chenye pedi ndani, pedi zinabana disiki. Gesi sio hivyo, gesi inaminyika. Sasa mafuta ya breki ya kawaida yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani, na hayahitaji wewe uyamwagie maji, unyevu unapenya taratibu kwenye mpira wa breki wenyewe, kwenye raba, kwenye mfuniko, miezi na miaka. Pedi zikipata moto joto linaingia kwenye pistoni, likakuta mafuta yenye maji, yanachemka mapema, mvuke unatengeneza mapovu, na wewe kuanzia hapo unaminya mapovu. Ukisimama vikapoa, mvuke unarudi kuwa kimiminika, leva inarudi ngumu, unajiona mwendawazimu. Ndo maana fundi anaweza kukuangalia usoni akakwambia "breki nzima hii" na asiwe anadanganya.

Nilivyorudi nyumbani nikajiuliza yale mafuta yaliwekwa lini. Jibu ni kwamba sijui. Piki ninayo zaidi ya miaka mitatu, niliikuta nayo hivyo hivyo, na nilichowahi kufanya ni kuongeza tu, tena kutoka kwenye chupa iliyokuwa imekaa kwenye shelfu nusu, mfuniko umekaa upande. Yani nilikuwa naongezea maji kwa kutumia mafuta. Watengenezaji wengi wanasema badilisha kila miaka 2 hata kama hujatembea nayo, na mimi nilikuwa najua hilo kama unavyojua kwamba inabidi unywe maji mengi.

Na hapo niseme kitu kuhusu kuongeza. Pedi zikilika, pistoni zinatoka nje zaidi, mafuta yanashuka kwenye kikopo yanaenda kujaza nafasi ile. Ni kawaida kabisa. Mtu anaona yameshuka anajaza mpaka juu. Siku anaweka pedi mpya anarudisha pistoni ndani, mafuta yote yanarudi juu, kikopo hakina nafasi, yanamwagika kwenye tangi. Mafuta haya yanakula rangi vibaya mno. Mimi nina alama kwenye tangi kama ramani, rangi imevimba ikabanduka, na niliiona asubuhi yake maana usiku nilifuta na tambara kavu nikajua nimemaliza. Kufuta hakutoshi, mwagia maji mengi hapo hapo, maji yanayaondoa vizuri. Ndo faida pekee ya hii tabia yao ya kupenda maji.

Basi tuje kwenye kununua. Unakuta chupa zimeandikwa DOT 3, DOT 4, DOT 5, DOT 5.1 na kichwa kinaanza kukwambia namba kubwa ndo nzuri. Hizo herufi ni za Idara ya Usafirishaji ya Marekani, wao ndo waliweka viwango, na kikubwa kinachopimwa ni yanachemkia wapi. Kuna kipimo cha mafuta mapya makavu na kipimo cha mafuta yaliyokwishanyonya maji, karibu asilimia 3.7. DOT 3 lazima yafike angalau nyuzi 205 yakiwa makavu na 140 yakiwa na maji. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180.

Soma hizo namba tena taratibu maana mimi zilinikaa kichwani siku nzima. DOT 5.1 iliyokwishanyonya maji, 180, iko chini ya DOT 3 mpya, 205. Yani mtu aliyenunua mafuta ya bei chee akayabadilisha kwa wakati ana breki inayostahimili joto kuliko mtu aliyenunua ya ghali akayasahau. Mabishano yote ya "mi natumia 5.1" na "hapana DOT 4 ndo mpango" mengi ni ya kupoteza muda, swali la kwanza ni yamekaa humo muda gani. Na hizo asilimia 3.7 sio mwisho, yakiachwa yanaendelea kunywa.

Mtego mkubwa ni DOT 5, na hapa aliyepanga majina sijui alikuwa anawaza nini. DOT 3, 4 na 5.1 ni familia moja, ni glaikoli, zinachanganyika. DOT 5 bila ya nukta moja ni silikoni, kitu kingine kabisa, kwa kawaida yanatiwa rangi ya zambarau ili uyatambue. Hayanyonyi maji, hayali rangi, ukisikia hivyo unasema si ndo nayataka hayo. Shida ni kwamba maji yakiingia hayayeyuki humo, yanakusanyika kama matone na kuzama mpaka chini kabisa, na chini kabisa ni kwenye kalipa, kwenye joto, na maji matupu yanachemka kwa nyuzi 100 hujafika hata robo ya mteremko. Juu ya hapo yanabeba mapovu madogo madogo ya hewa kwa urahisi, leva inakuwa na ulaini fulani, kwenye piki yenye ABS, ule mfumo unaozuia tairi lisigande ukishika breki ghafla, hayafai kabisa. Kuna Harley-Davidson za zamani zilizotoka kiwandani na DOT 5, hizo sawa, ndo zilivyoumbwa. Wewe kama kikopo chako kimeandikwa DOT 4, hata ukipewa DOT 5 bure, iache. Usichanganye na glaikoli hata tone.

Kwahiyo fuata kilichoandikwa kwenye mfuniko wa kikopo. Kimeandikwa DOT 3, unaweza kuweka DOT 4. Kimeandikwa DOT 4, unaweza kuweka 5.1 ukipenda, ni mepesi zaidi kwenye baridi na mifumo ya ABS inayapenda kwa hilo. Kushuka chini ya kilichoandikwa hapana. Na angalizo kidogo kwa wenye klachi ya mafuta, kuna zinazotumia mafuta ya madini sio DOT yoyote, raba zake ni za aina nyingine, ukiweka DOT humo umeziua, na ukiweka mafuta ya madini kwenye breki raba zinavimba kama mkate kwenye chai. Hii inahusu pia oili ya injini, dizeli, petroli, na ile grisi ya kawaida ya beringi. Niliwahi kushauriwa "we ongezea oili kidogo tu ufike". Kidogo tu hiyo ndo inakubadilishia raba zote kuanzia juu mpaka chini.

Nunua chupa ndogo. Mimi sasa nanunua ile ndogo kabisa, natumia siku hiyo, inayobaki siwekei breki tena. Najua inauma. Ila chupa ikishafunguliwa inaanza kunywa hewa ya chumba chako, na rangi haitakwambia kitu, mafuta yanaweza kuwa meupe kama maji ya kisima na yameshaharibika. Yakiwa meusi ujue ni uchafu na raba zinazoisha, hiyo ni habari nyingine mbaya juu ya ile ya kwanza.

Haya, kazi yenyewe. Nilipanga nibadilishe mafuta tu, nusu saa nimalize. Nilivyofungua pedi nikakuta ya ndani imelika upande mmoja kama kipande cha sabuni, ya nje bado nene. Zilikuwa mpya zile! Kalipa yangu ni ya pistoni mbili upande mmoja, inateleza kwenye pini, nikaweka kipande cha mbao katikati nikamwambia mpwa wangu akamate leva taratibu. Pistoni moja ikatoka vizuri, ya pili ikakaa pale pale inanitazama. Imeganda. Basi nusu saa ikawa Jumamosi nzima.

Kama utafungua kalipa, kabla hujaitoa kwenye shoki legeza kwanza ile pini ya pedi, na bolti ya mpira ilegeze kidogo tu halafu ikaze tena, maana kalipa ikishaning'inia huna pa kuikabia. Na pistoni zitoe kwa mafuta yenyewe, unakamata leva zinasukumwa nje. Usikimbilie kupuliza na kompresa, pistoni inaruka kama risasi na kidole kikiwa njiani ndo basi. Ile iliyoganda niliipata kwa kuibana ile nzima isitoke, nikaifungia na klempu ndogo, msukumo wote ukaenda kwa iliyogoma, ikatoka milimita kwa milimita huku inalia. Kikopo cha juu kisikauke wakati unafanya hivi, na uwe na beseni chini, na miwani machoni, mafuta haya kwenye jicho ni moto.

Nilivyoitoa nilitegemea kukuta pistoni imeliwa na kutu. Haikuwa. Ilikuwa nzima, inang'aa, ina doa moja tu sehemu ya nje ambayo hata haigusi raba. Tatizo lilikuwa kwenye mfereji. Ndani ya kalipa kila pistoni ina raba mbili, ya nje ni ya kuzuia vumbi, ya ndani ndo inashika mafuta. Nyuma ya ile ya ndani, kwenye mfereji, kulikuwa na unga mweupe mgumu, aluminiamu imeoza kwa unyevu, umejijaza chini ya raba ukaisukuma ikaikaba pistoni. Kipande kama cha ganda la yai. Hicho tu ndo kilichokula pedi yangu mpya.

Na ile raba ya ndani inafanya kazi ambayo sikuijua mpaka siku hiyo. Ukiikata uone ndani sio duara, ni ya pembe nne. Ukishika breki pistoni inasogea, raba inajipinda nayo bila kuteleza, ukiachia inajinyoosha na kuirudisha pistoni ndani kidogo, sehemu ndogo tu ya milimita, inatosha pedi ziachie disiki. Hakuna springi humo. Pedi zikilika kweli kweli ndo pistoni inateleza kwenye raba na kukaa mahali papya. Raba ikiwa ngumu, au mfereji una uchafu, haijipindi, pistoni hairudi, pedi inabaki inagusa. Yani kirejeshi cha breki yako yote ni mpira unaoonekana wa bure bure.

Raba zitoe kwa kijiti cha meno au kijiti cha mwanzi, sio bisibisi, ukikwaruza ukuta wa mfereji itakuvujia milele. Mimi nilikwangua unga ule kwa kijiti na kipande cha plastiki, taratibu, nikasugua kwa mswaki wa zamani na spiriti, nikaangalia kwa tochi, nikarudia, mara tatu. Raba mpya nikazipaka mafuta ya breki mapya kwa kidole, zikaingia, pistoni nikaisukuma kwa gumba bila kuilazimisha. Ikiingia kwa gumba ujue uko sawa, ikidai nyundo rudi nyuma. Pini za kalipa zinazotelezea nikasafisha nikapaka grisi ya silikoni, na hili usilipuuze, kalipa isipoteleza pedi moja inafanya kazi ya mbili. Pedi zenyewe nikanunua nyingine. Niliwahi huko nyuma kuchoma pedi zilizolowa mafuta kwenye jiko ili zikauke, zikakauka, zikapiga kelele wiki nzima, na breki ilikuwa ya kubahatisha. Pedi ikishanywa mafuta tupa.

Ukifunga mpira weka washa mpya, zile pete za kuziba, pande zote mbili za ile bolti yenye tundu. Zinaminyika mara moja kuziba, za zamani zimeshaminywa. Na angalia disiki, nyingi zimepigwa chapa ya unene wa mwisho, MIN TH na namba, pima kwa venia, kile kipimo cha unene, hasa pale inapopita pedi sio ukingoni, ukingoni hailiki.

Kutoa upepo sasa, yani hewa iliyobaki ndani ya mafuta. Hapa ndo tulipogombana na mpwa. Njia ya kizamani ni rahisi, unaweka mpira mwembamba wa kuonekana kwenye nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea hewa kwenye kalipa, mwisho wake umezama kwenye chupa yenye mafuta kidogo, mmoja anakamata leva na kushikilia, wewe unafungua nipo robo, mafuta na mapovu yanatoka, unafunga, ndo anaachia. Huo mpangilio ni amri. Akiachia kabla hujafunga, inavuta hewa ndani mnaanza upya.

"Kamata."

"Nimekamata."

"Shikilia hapo hapo." Nafungua, yanatoka. "Bado usiachie, usiachie..."

"Anko, simu inaita."

Akaachia. Nikaona povu kubwa linarudi juu kwenye mpira kama linapanda ngazi.

Tulifanya mara nyingi tu mpaka giza, mafuta yanatoka safi bila povu, na leva bado ina ulaini. Kikopo hatukukiacha kikauke hata mara moja. Hewa ilikuwa imejificha juu, pale mpira unapoungana na masta silinda, maana piki ikiwa kwenye stendi ya pembeni pale panakuwa mlima na povu halishuki mlima. Nikageuza usukani mpaka masta ikawa imeinama kuelekea mpira, nikafunika tangi na tambara lililolowa, nikalegeza ile bolti ya juu nukta moja huku amekamata leva, ikasema "pss" nikakaza kabla hajaachia. Mabadiliko yalikuwa hapo hapo. Kwa mapovu madogo yaliyobaki nikafunga leva na mpira wa tyubu, imekamatwa, nikaiacha hivyo usiku kucha. Asubuhi ilikuwa ngumu. Sio uchawi, mapovu yanapata muda wa kupanda mpaka kwenye masta silinda, na ukifungua leva taratibu na kuigonga gonga yanatokea. Ila usitumie hii kuficha kazi mbovu, kama leva inalainika tena baada ya siku mbili kuna mahali panavuta hewa.

Kama huna mtu, tumia sirinji kubwa, unasukuma mafuta mapya kupitia nipo ya chini yapande juu, hewa inapenda kupanda yenyewe. Chota tu yale ya kikoponi yanavyojaa, usisahau ukamwaga. Kwenye piki za ABS kuna ambazo hewa ikiingia kwenye ile pampu yake haitoki bila ya mashine ya kuiamrisha, hapo mi nasema mpelekee mwenye mashine, hakuna ujanja wa nyumbani.

Nikaingia barabarani, mwendo wa kutembea kwanza, na kabla ya hapo pampu leva mpaka iwe ngumu, narudia, pampu kabla hujatoka, maana ukisharudisha pistoni ndani leva ya kwanza na ya pili ni hewa tupu na ukuta uko mbele yako. Breki ilishika safi. Nikafurahi, nikazunguka kama kilomita nne nikianza kuzoesha pedi, kushika kwa nguvu ya wastani, kuachia, kupoza. Halafu nikaona leva inazidi kuwa ngumu na fupi. Fupi kabisa, nakamata kidogo tu inashika. Nikadhani ndo breki mpya hii! Piki ikaanza kuwa nzito, nikaachia akselereta inasimama yenyewe, nikashuka kusukuma tairi la mbele halizungukiki. Disiki inanuka chuma cha moto.

Nilibeba spana ya 8, nikafungua nipo kidogo, mafuta yakaruka "tsii" na tairi likaachia. Hiyo ilinipa jibu maana kama ingekuwa pistoni zimeganda kufungua nipo kusingesaidia. Mafuta yalikuwa yamefungiwa chini hayana njia ya kurudi juu. Chini ya kikopo, ukiondoa mfuniko na ile raba ya mikunjo, kuna matundu mawili, moja kubwa linaonekana, la pili dogo kama ncha ya sindano, wengi hawalijui. Ukiachia leva, pistoni ya masta inarudi nyuma na hilo dogo linafunguka, mafuta yaliyotanuka kwa joto yanapanda kikoponi. Langu lilikuwa limeziba na utelezi wa kahawia, yale masalia ya miaka mitatu niliyoyapita nikijaza mafuta mapya juu yake. Nikalizibua kwa uzi mmoja laini wa waya, bila kulipanua, nikasafisha kikopo chote. Ukitaka kujua kama liko wazi, kamata leva milimita chache ukiangalia mafuta kikoponi, utaona kijichemchemi kinaruka. Kifunike kwa kitu, kinaruka mpaka usoni. Leva ikiwa ya kubadilisha na ile skrubu yake inasukuma pistoni kidogo muda wote, inafanya ugonjwa huo huo, tundu halifunguki. Lazima leva iwe na nafasi kidogo ya bure mwanzoni.

Breki ya nyuma yangu ni ya dramu, haina mafuta ya kubishania, nilifungua nikakuta kishale cha kwenye mkono kimefika mwisho, nikaweka viatu vipya, vile vinavyosugua dramu kwa ndani, nikapaka grisi kidogo sana kwenye kamu, nikarekebisha fimbo. Kitu kimoja tu, lile vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kompresa, viatu vya zamani vinaweza kuwa na asbesto, futa kwa tambara lililolowa.

Nimeandika tarehe kwenye plasta nikaibandika chini ya kikopo. Mafuta machafu yako kwenye chupa nimeandika sumu kwa maandishi makubwa, siyamwagi kwenye mtaro. Kilichobaki ni mpira wenyewe wa breki, una nyufa ndogo pale unapopinda karibu na shoki, na watengenezaji wengi wanataka ubadilishwe kila miaka 4 kwa hiyo wangu umeshakula chumvi. Nimeagiza. Ukifika inabidi tutoe upepo upya, na safari hii simu ya mpwa itakaa mfukoni kwangu.